Magwanda au kazi ya raia jeshini: kijana wa Lamu achague lipi?

Kila tangazo la kuandikisha makuruti wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapotoka, Lamu nzima huwa nalo mdomoni. Vijana wa Faza na Kizingitini hupanda boti gizani ili wawahi, wa Witu na Mpeketoni hubebana kwa bodaboda, na ufikapo uwanjani foleni imeshapinda kona. Wanakimbizwa, wanapimwa urefu na uzani, wanakaguliwa meno, nyayo, macho na makovu. Ikifika adhuhuri wengi wako njiani kurudi makwao na bahasha za vyeti kwapani, na nyumbani siku hiyo huchukuliwa kuwa ndiyo mwisho wa habari ya kazi ya jeshi.

Kumbe mlango uliofungwa ni mmoja tu. Wizara ya Ulinzi huajiri raia pia: mafundi wa mitambo, wapishi, makarani, wahasibu, wauguzi, madereva, watunza stoo, maafisa wa ununuzi, wanasheria, wahandisi. Hawa hawavai magwanda wala hawabebi bunduki. Wanaingia kazini asubuhi kwa kitambulisho cha kazi, na jioni wanarudi kwao.

Ninamwandikia kijana wa Lamu, wa kike au wa kiume, aliyemaliza kidato cha nne au chuo cha ufundi, ambaye akiitazama kambi ya Jeshi la Majini ya Manda Bay kule Magogoni anaona riziki. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: kama una ufundi mkononi, au familia inakutegemea uwe karibu, kazi ya raia ndiyo inayokufaa zaidi, na inaniuma kuona inadharauliwa na watu ambao hawajaiuliza. Kama moyo wako uko kwenye ulinzi wenyewe, basi hakuna kazi ya raia itakayokutosheleza, na usijidanganye.

Raia ana kazi gani jeshini?

Mtu akisikia raia jeshini, akili humwendea kwenye fagio. Kufagia ni kazi ya halali na wapo wanaoifanya, lakini raia wako kuanzia getini mpaka kileleni. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 239, inasema vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 241 kinaunda Baraza la Ulinzi: Waziri wa Ulinzi ndiye mwenyekiti, halafu Mkuu wa Majeshi, makamanda watatu wa majeshi ya nchi kavu, anga na majini, na Katibu wa Wizara. Katibu huyo ndiye mwenye dhamana ya hesabu za wizara. Pesa zikitumika ovyo, yeye ndiye anayeitwa Bungeni kujibu. Hata kupeleka wanajeshi kurejesha amani mahali penye vurugu ndani ya Kenya kunahitaji idhini ya Bunge la Kitaifa, na wabunge nao ni raia.

Huko juu ni mbali na uwanja wetu wa Mkunguni hapa Lamu, najua. Tushuke mpaka stoo, maana hapo ndipo kijana wetu anaweza kukaa kesho.

Mtu anafika dirishani anataka filta mbili za dizeli. Hapewi kwa sababu ya cheo chake. Anajaza fomu ya S11, mkubwa wake anaidhinisha, mtunza stoo anasoma saini, anatoa filta mbili, anapunguza idadi kwenye kadi inayoning'inia rafuni, kisha fomu inaingia faili. Mali mpya ikiletwa na muuzaji, inahesabiwa na kuingizwa kwa fomu ya S13. Hivyo ndivyo stoo za serikali zinavyoendeshwa. Mwaka ukigeuka, mkaguzi anakuja na kadi mkononi, anahesabu filta moja baada ya nyingine. Afisa aliyeidhinisha pengine ameshahamishwa kambi, kwa sababu wanajeshi huzungushwa. Mtunza stoo raia yupo, na anakumbuka kwa nini mwezi fulani filta zilitoka nyingi. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayozuia mashua ya doria kukaa gatini kwa kukosa kipuri cha bei ndogo.

Nchi zenye majeshi makubwa zimelijua hili kwa gharama. Marekani ina meli za kubebea mafuta, chakula na silaha za jeshi lake la majini ambazo mabaharia wake ni raia. Mwaka 2024 shirika linaloziendesha lilitoa mpango wa kuegesha meli 17 kwa sababu mabaharia hao hawakutosha. Meli zipo, bahari ipo, wanajeshi wapo, na bado hazisafiri. Uingereza ina kundi la meli za namna hiyo tangu 1905, na mwaka huohuo wa 2024 mabaharia wake raia waligoma kudai mshahara bora. Mwanajeshi wa Uingereza hawezi kugoma hivyo. Tofauti hiyo ibaki kichwani mwako, tutairudia.

Mlango wa kuingilia

Kwa magwanda, matangazo ya miaka ya karibuni yametaka kuruti wa kawaida awe na umri wa miaka 18 hadi 26, urefu wa angalau futi 5 na inchi 3, uzani wa kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke, na alama ya chini inayotajwa katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Wenye taaluma ya ufundi huongezewa umri mpaka miaka 30. Msichana asiwe mjamzito siku ya kuandikishwa wala wakati wote wa mafunzo. Anayefaulu huenda Eldoret kwa mafunzo ya kuruti, na anayechaguliwa kuwa kadeti, ambaye hutakiwa alama za juu zaidi, huenda Lanet, Nakuru. Soma tangazo la mwaka wako, kwa kuwa masharti hurekebishwa.

Uzuri wa mlango huu ni wepesi wake: siku moja uwanjani unajua umepita au hukupita. Ubaya ni kwamba mambo ambayo Mungu amekuumba nayo yanaweza kukutoa kabla hujafungua mdomo. Jino limeng'oka, unyayo ni bapa, umepungua inchi moja, basi.

Kwa raia hakuna anayepima urefu wala kukukimbiza. Wanaangalia vyeti na uzoefu, na tangazo hutoka katika tovuti ya wizara na magazetini, au kupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Kijana mwenye ulemavu, ambaye uwanja wa makuruti haumpi hata dakika moja, hapa ana haki yake. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka utumishi wa umma uwape nafasi sawa wanaume na wanawake, watu wa makabila yote, na watu wenye ulemavu. Dada mwenye mtoto mchanga hakataliwi. Mtu wa miaka 33 aliyefanya kazi ya kuchomelea vyuma gatini kwa muda mrefu hakataliwi kwa umri huo.

Lakini sitakuficha tatizo lake. Nafasi za raia hutangazwa bila ratiba. Unaweza kusubiri muda mrefu bila kuona inayokufaa, halafu ikitoka unashindana na Kenya nzima, na majibu huchukua miezi. Makaratasi nayo ni mengi: cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi), karatasi za KRA (kodi), HELB (mikopo ya masomo), EACC (kupambana na ufisadi) na za mikopo mingine, zote zikithibitisha kwamba huna deni baya wala kesi. Kwa watu wa Kiunga na Ndau, ambao hata kitambulisho cha taifa kimewahi kuwahangaisha, mlolongo huu ni mzigo hasa. Anza kuzikusanya sasa hivi, tangazo lisikukute unaanza moja.

Tena usitarajie kwamba ukiajiriwa raia utapangiwa Magogoni. Makao makuu ya wizara yako Nairobi, kituo kikuu cha Jeshi la Majini kiko Mtongwe, Mombasa, na mtumishi wa umma hupelekwa anakohitajika. Nafuu yake ni kwamba anaweza kuomba uhamisho, na wenye kada zinazopatikana kila mahali, kama wahasibu, makarani na maafisa wa ununuzi, wanaweza kuhamia hata wizara nyingine kabisa. Mhasibu wa ulinzi leo, kesho ni mhasibu wa uvuvi.

Nani anakuamrisha, na unatokaje?

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa sababu ndipo njia hizi mbili zinapoachana kabisa, na ndipo vijana wetu wanapoingia bila kuambiwa.

Ukila kiapo cha mwanajeshi, umeziweka kando baadhi ya haki ambazo Mkenya mwingine anazo. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 24, inaruhusu sheria kuwapunguzia wanajeshi haki ya faragha, ya kujiunga na vyama, ya kuandamana, ya mahusiano ya kazi, na hata baadhi ya haki za mtu aliyekamatwa. Sheria ya Ajira ya 2007 haiwahusu. Huna chama cha wafanyakazi wala mgomo. Kosa ambalo kwa raia ni la nidhamu ya ofisini, kwako linaweza kukufikisha mahakama ya kijeshi chini ya Sheria ya KDF ya 2012. Kukataa amri halali ni kosa. Kutoonekana kazini bila ruhusa ni kosa.

Na kuondoka? Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi iliyokaa Mombasa iliwahukumu zaidi ya mabaharia 20 wa zamani wa Jeshi la Majini kifungo cha maisha kwa kosa la kutoroka jeshi. Walikuwa wameacha kazi na kwenda kufanya kazi katika kampuni binafsi za Kimarekani za ulinzi ng'ambo, ambako mshahara ulikuwa mkubwa zaidi. Kesi zao ziliendelea kwa rufaa Mahakama Kuu, lakini hebu liangalie jambo lenyewe: watu wameona kazi yenye mshahara bora, wakaifuata, na kwa kufanya hivyo wakajikuta kizimbani na hukumu ya maisha. Wapo vijana wa Pwani wanaoamini jeshi ni kituo cha kupitia tu kabla ya kwenda Qatar au Dubai. Mwanangu, hilo litoe kichwani kabla hujasaini. Mwanajeshi hutoka kwa ruhusa, baada ya muda aliokubali, na anayetoa ruhusa ana haki ya kusema bado.

Raia wa Wizara ya Ulinzi akipata kazi bora, anaandika barua. Kwa anayelipwa kila mwezi, Sheria ya Ajira inataka notisi ya siku 28, au muda mrefu zaidi kama mkataba umesema hivyo. Anakabidhi stoo au meza, anatoa kitambulisho getini, anaaga. Akionewa, ana utaratibu wa malalamiko katika utumishi wa umma na ana Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Akiumia kazini, sheria ya fidia ya 2007, ile watu wanayoiita WIBA, inamhusu, na serikali kama mwajiri imo ndani yake.

Hata hivyo raia naye hayuko huru kama mfanyakazi wa hotelini Shela. Sheria ya Siri za Serikali inamfunga sawasawa na mwanajeshi. Idadi ya boti, ratiba ya doria, nani ameletwa na nani ameondoka, hayo hayaingii barazani wala kwenye kundi la WhatsApp la familia. Simu yake inaweza kuachwa getini. Marafiki wanaomuuliza maswali mengi itabidi ajifunze kuwajibu kwa ufupi. Kwa mji wetu, ambako habari hufika mtaa wa Langoni kabla mwenyewe hajafika nyumbani, hilo ni jaribu la kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo raia huliona gumu, nalo ni cheo. Karani mwenye shahada na uzoefu mrefu anaweza kupokea maagizo kutoka kwa luteni aliyemaliza Lanet juzi. Kambi ni ya wanajeshi, utamaduni ni wao, na raia atakayetaka kupigiwa saluti ataugua moyo bure. Wanaodumu ni wale wanaoijua kazi yao kiasi kwamba luteni mwenyewe huja kuwauliza.

Hatari, kwa ukweli wake

Wazazi wa Lamu wakikataa magwanda, sababu huwa ni moja. Tangu Oktoba 2011, KDF ilipoingia Somalia, hakuna anayehitaji kuelezwa. Asubuhi ya 15 Januari 2016 kambi ya El Adde huko Somalia ilivamiwa na wanajeshi wetu wengi wakafa. Mwanajeshi wa Jeshi la Majini anaweza kubaki baharini, lakini anakopelekwa huko anaenda.

Raia hapelekwi vitani kupigana. Hiyo ni tofauti kubwa na sitaki kuipunguza. Lakini hapa kwetu, kusema raia yuko salama kwa sababu ni raia si kweli. Alfajiri ya 5 Januari 2020, al-Shabaab walipovamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Wamarekani watatu waliuawa: mmoja alikuwa mwanajeshi, wawili walikuwa raia walioajiriwa na mkandarasi. Mariamu El Maawy, binti wa Lamu aliyekuwa Katibu wa Wizara anayesimamia ujenzi, alishambuliwa akiwa safarini Milihoi, hapa Lamu, Julai 2017 na akafariki Septemba mwaka huo. Hakuwa wa jeshi kabisa. Barabara ilitosha.

Kwa hiyo usiulize tu kama ni raia au askari. Uliza kituo kiko wapi, unalala wapi, unasafiri vipi kwenda na kurudi. Mpishi raia anayelala Mtongwe na fundi raia anayepita barabara ya Hindi, hapa Lamu bara, kila alfajiri hawako katika hatari moja, ingawa barua zao za ajira zinafanana.

Mshahara, nyumba, uzee

Mwanzoni magwanda yana nguvu. Kuruti hulipwa akiwa mafunzoni, hula na kulala kwa gharama ya jeshi, na baadaye ana marupurupu, matibabu katika hospitali za jeshi, na posho akipelekwa nje. Kijana wa miaka 20 asiye na ujuzi wowote hatapata ajira ya raia itakayomfaa hivyo kwa haraka hivyo.

Miaka ikipita, mizani inaanza kurudi. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, na mwenye ulemavu miaka 65. Mwanajeshi wa vyeo vya chini hutoka mapema zaidi, kwa kufuata cheo na muda wa utumishi, akiwa bado ana nguvu na watoto wako shuleni. Ana pensheni yake ya kijeshi, ndiyo, lakini anarudi mtaani kutafuta kazi nyingine, na kama miaka yote alikuwa mlinzi wa geti, ujuzi anaorudi nao ni wa geti. Kwa raia, tangu Januari 2021 kuna mfuko wa pensheni wa utumishi wa umma ambao mfanyakazi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara na serikali asilimia 15. Akihamia wizara nyingine anaendelea nao.

Kuhusu nyumbani, sina haja ya kusema mengi. Mwanajeshi anaweza kukosa Idi, Maulidi na kuzaliwa kwa mwanawe. Raia aliyepangiwa karibu hufuturu na watoto wake mwezi mzima wa Ramadhani. Kuna watu ambao jambo hilo peke yake linawaamulia.

Fundi wa mashine

Mfikirie fundi wa boti hapa gatini. Ameletewa mashine ya Yamaha ya nguvu 40 inayochemka. Hahitaji kuambiwa. Anatazama tundu la maji ya kupozea, halitoi kitu. Anafungua sehemu ya chini, boliti zimeng'ang'ania kwa chumvi, anazipiga mafuta na kuzisubiri, anatoa impela ya pampu na kuiinua kwenye mwanga: mabawa mawili ya mpira yamekatika, mengine yameviringika kwa mchanga wa maji madogo. Anaweka mpya, anawasha ndani ya pipa, maji yanaruka. Kazi imekwisha kabla ya adhuhuri.

Huyu akiingia jeshini kama mwanajeshi, anaweza kuwekwa kwenye ufundi, hasa akiandikishwa kwa taaluma yake, na anaweza pia kupewa zamu, doria na kazi ambazo hazina impela hata moja. Jeshi ndilo linaloamua. Akiingia kama fundi raia, ameajiriwa kwa ajili ya mashine na atabaki na mashine. Ataona injini kubwa za dizeli ambazo gatini hazifiki, atasomeshwa kozi, na akiondoka ana kitu cha kumuuzia mtu yeyote kutoka Kiunga mpaka Vanga.

Tatizo la mafundi wetu, hawa wa mashine na wale wa majahazi kule Matondoni wanaopiga kalafati tangu utoto, ni karatasi. Mikono inajua, faili ni tupu. Kenya Shipyards Limited, kampuni ya serikali iliyoundwa 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi, ina viwanda Mombasa na Kisumu, na meli ya MV Uhuru II iliundwa Kisumu. Kazi ya namna hiyo inahitaji wachomeleaji, mafundi umeme, mafundi bomba na wapaka rangi. Ni kazi ambayo Lamu ingepaswa kuwa na watu wake wengi, na mimi naamini kambi au kiwanda chenye raia wa hapa, wanaojua maji haya na watu wake, kinaelewana vizuri zaidi na wavuvi. Marufuku ya uvuvi wa usiku iliyoanza 2011 ilituachia majeraha mengi ambayo watu wenye lugha moja wangeweza kuyapunguza.

Na kibarua wa mkandarasi?

Hii ni njia ya tatu, na wengi huichanganya na ya pili. Mkandarasi akipewa kazi ya kujenga uzio au kupika kambini, huajiri watu wake. Wewe si mtumishi wa wizara, huna pensheni ya serikali, na kandarasi ikiisha kazi imeisha. Kama shida ni ya leo, ichukue, ni halali. Ila jua kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, sheria inamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, na ana haki zake. Uliza bima ya WIBA kabla ya kupanda ngazi. Waliouawa Manda Bay wawili kati ya watatu walikuwa wa njia hii.

Ningemshauri nani nini

Kijana mwenye afya, miaka 19, alama za wastani, hana ufundi, hana mtoto, na anapenda nidhamu: aende uwanjani. Hasa msichana asiogope. Mei 2024 Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed alikabidhiwa Jeshi la Anga, mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya majeshi yetu matatu. Na Pwani tunaye Samson Mwathethe, aliyepanda kutoka Jeshi la Majini mpaka kuwa Mkuu wa Majeshi 2015. Nafasi ipo.

Mwenye cheti cha uhasibu, ununuzi, uuguzi au umeme, asilikimbilie uwanja kwa sababu tu ndilo tangazo lililotoka kwanza. Atafute kazi ya raia, na akisubiri aombe pia serikali ya kaunti, bandari ya Lamu na Huduma ya Walinzi wa Pwani. Hiyo ya mwisho iliundwa kwa sheria ya 2018 na haiko chini ya Wizara ya Ulinzi, iko upande wa Usalama wa Ndani.

Mwenye mzazi mgonjwa au watoto wadogo, raia, bila kusita.

Aliyekataliwa uwanjani kwa jino au inchi, asimpe mtu hata shilingi moja ili arudishwe. Kuandikishwa ni bure, na kila mwaka kuna vijana wanaofika Eldoret na barua bandia walizouziwa, wakaishia polisi badala ya mafunzoni. Pesa hizo za kuuza mbuzi au kuweka rehani mashua zingelipia mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambao unapima ufundi wako kwa vitendo, zikabaki na nauli. Fundi wa mashine niliyemtaja anaweza kuanza na Gredi III, apande mpaka ya II na ya I huku akiendelea na kazi yake gatini. Siku nafasi ya fundi raia itakapotangazwa, faili lake liwe na cheti hicho, cha tabia njema kutoka DCI, na barua ya mwenye boti anayemfanyia kazi.